Pacha wa Karatasi

Jumapili, jioni. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, ile isiyokubali kunyesha wala kuacha. Hali yangu mbaya, na nimeistahili.

Naandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu wanangu na wajukuu hawakisomi. Wanakisikia, ukiwaita kula wanakuja, lakini kukisoma hawawezi. Wasomaji wangu ni nyinyi wachache, wazee wenzangu wa Mombasa mliotawanyika, na watu wawili watatu nisiowajua. Na yeye, labda. Sijawahi kumuuliza kama anasoma.

Leo nitasema jambo nililolificha zaidi ya miaka hamsini. Msinipe pongezi. Sikuamua kuwa mkweli, nimeumbuliwa tu.

Asubuhi nilimpeleka mjukuu wangu Zara uwanjani. Anacheza besiboli. Msiniulize kwa nini London, mji wa watu wanaolala kwenye kriketi, kuna watoto wa besiboli. Wapo, na wana kofia na soksi ndefu na wazazi wenye kelele. Klabu inawagawa kwa umri. Mpaka miaka kumi na tatu, wavulana na wasichana wanacheza pamoja. Ukitimiza kumi na tatu, mvulana anapanda kundi la juu, na msichana anahamishiwa softiboli, yenye mpira mkubwa zaidi, unaorushwa mkono ukitokea chini, na wachezaji wote wasichana. Msichana akitaka kubaki na wavulana, mkubwa wake atie saini fomu na kocha akubali.

Zara anatimiza kumi na tatu mwezi ujao. Leo ilikuwa siku ya kurudisha fomu.

Mama yake, binti yangu Farida, ni nesi na alikuwa zamu. Aliniachia fomu mezani na neno moja: "Mama, amua wewe, wewe ndiye uliyecheza." Ni kweli nilicheza. Ukutani kwangu hapa Stanmore ipo picha yangu nimevaa kofia ya timu, nimetabasamu kama mtu mwema. Wajukuu wanaionyesha kwa marafiki zao.

Chini ya turubai wazazi walibishana. Mama mmoja akasema msichana ahamishwe mapema, hata akiwa na miaka kumi, auzoee ule mpira mkubwa kabla vidole havijakomaa kwa mdogo. Baba mmoja, tumbo mbele, akasema wavulana wakifika kumi na tatu mikono yao ni hatari, msichana atavunjwa pua. Mwingine akasema mwacheni mtoto achague. Kila mtu alikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa na mtoto wake mwenyewe ndani. Zara alisimama kwenye mvua akiniangalia mimi tu. Anataka kubaki. Ameniambia mara mia, kwa Kiingereza, kwamba softiboli si mchezo wake.

Nilikuwa nimeshaamua aende softiboli. Nikasema kwa sauti kwamba mimi bibi yake najua, mikono ya wavulana ni hatari.

Uongo. Nilitaka atoke pale kwa sababu anarusha kama Shirin. Mguu ule ule unaoinuka kidogo, shingo ile ile. Kila Jumapili nakaa kwenye kiti cha kukunja namwangalia Shirin akiwa mtoto tena, na nimechoka kumwangalia.

Shirin ni dada yangu. Kwa karatasi ni pacha wangu, na hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Sisi tulizaliwa nyumbani. Mkunga alikuja, mkunga akaenda, hakuna aliyeandika kitu. Ilipofika mwanzo wa mwaka sitini na nane, Waasia wote wa Kenya wakawa wanakimbilia ndege kabla Mwingereza hajafunga mlango, Baba akatakiwa alete vyeti vyetu vya kuzaliwa. Akaenda ofisini na shahidi wake kutuandikisha kwa kuchelewa. Karani akamuuliza tarehe. Yangu aliikumbuka, kwa sababu nilizaliwa siku aliyofungua duka. Ya Shirin hakuikumbuka. Foleni ilikuwa imefika barabarani, karani anagonga kalamu mezani, na Baba yangu, mtu aliyejua bei ya kila kitambaa dukani kwake, akasema: "Andika hiyo hiyo." Karani akaandika hiyo hiyo, siku, mwezi na mwaka.

Hivyo Shirin, aliyenizidi miaka miwili na zaidi, akawa pacha wangu.

Mama alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Baba akasema hakuna ubaya, watakaa darasa moja, watalindana. Na tulipokuwa tunashuka kwenye ndege akanishika sikio, akaniambia tangu leo usimwite Dada. Pacha haitwi Dada. Afisa akikusikia tumekwisha. Mwite jina lake.

Nikamwita jina lake. Mpaka leo namwita jina lake.

Mtoto wa miaka kumi na miwili na mtoto wa miaka kumi, darasa moja, dawati moja. Mnaelewa? Shirin Mombasa alikuwa amemaliza darasa la saba akiwa wa kwanza, mimi darasa la tano wa kumi na tisa. Hapa akarudishwa kusoma nami vitu alivyokwisha kusoma. Alikuwa anamaliza hesabu zake, halafu ananifanyia zangu chini ya dawati. Na walimu kila siku: mapacha hawa, mmoja kapewa kila kitu, mwingine sijui kulikoni.

Mdogo ana udhuru. Akishindwa, watu husema bado atakua. Pacha hana udhuru wowote, yeye ni mbovu tu.

Nilimeza hayo miaka miwili.

Kisha ikaja besiboli. Mwalimu wetu wa michezo, Mista Hollis, aliwahi kuishi Marekani akarudi na wazimu wa mchezo huo. Akaanzisha timu, wavulana na wasichana mpaka umri wa miaka kumi na tatu, wasichana wakifika hapo wahamie softiboli. Ndiyo, sheria ile ile ya Zara. Shirin alipoushika mpira mara ya kwanza sote tuliacha kurusha tukamtazama. Mombasa tulicheza kati, ule mchezo wa kumlenga aliyesimama katikati, kwa mpira wa soksi, na Shirin alikuwa mrushaji anayekimbiwa na mtaa mzima. Sasa ana umri wa kumi na nne, mrefu, na anawarushia wavulana wa kumi na mbili. Walikuwa wanapiga hewa. Mista Hollis alimfanya mrushaji mkuu wa timu. Mimi nilikaa benchi, nikabeba maji.

Siku moja baada ya mechi mzazi mmoja wa kiume alinipa chupa tupu nikaijaze. Akaniuliza yule mrushaji ni nani wangu. Nikasema pacha wangu. Akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, akacheka. Alicheka tu.

Nilirudi nyumbani nikainua godoro la Shirin. Nilijua anachoficha pale: ripoti yake ya shule ya Mombasa, ya mwaka wa mwisho. Jina lake, darasa la saba, nafasi ya kwanza, na mwaka. Wasichana wenzake walificha picha za waimbaji, yeye alificha ripoti. Alikuwa anaitoa na kuisoma akiwa na huzuni. Niliiiba, na Jumatatu nikaiweka mbele ya Mista Hollis. Nikamwambia: yeye si pacha wangu. Ana miaka kumi na nne. Mimi ndiye mwenye kumi na mbili.

Nilitaka tu mtu mmoja ajue kwamba mimi si mbovu, mimi ni mdogo.

Hayo ndiyo maneno mazuri ninayoweza kuyasema juu ya nafsi yangu. Mabaya ni haya: nilitaka pia nafasi yake.

Mista Hollis hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mwalimu mkuu, basi. Mwalimu mkuu akamwita Baba. Baba, masikini, alidhani ni mwisho wetu, tutarudishwa kwa ndege sote sita. Akakiri haraka haraka, akasema karani wa Mombasa alikosea, mtoto ni mkubwa, mwezi wa tano hivi anatimiza kumi na tano. Mwalimu mkuu akasema kama ni hivyo lazima apandishwe madarasa mawili, akae na wenzake, ingawa masomo yao hajayasoma. Na siku zile kumi na tano ndio ulikuwa umri wa kuruhusiwa kuacha shule. Nani alijua? Mimi sikujua. Baba alikuwa hajui pia, mpaka mwalimu mkuu alipomwambia.

Baba akarudi nyumbani na neno jipya. Muhula ukiisha, Shirin aende kazini. Nyumba ina vinywa sita, na msichana mkubwa hana haja ya kukaa darasani na watoto.

Shirin aliomba. Alisema ataingia darasa la juu, atasoma usiku na mchana, atawafikia. Baba akamtia kofi. Ndilo kofi pekee nililomwona Baba akimpiga binti yake. Akamwambia: "Mpira wako na wavulana ndio uliotuanika." Mama, mkono kiunoni, akasema kuna jirani mwenye wivu aliyepeleka maneno shuleni. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa namenya viazi. Nikaitikia, eeh Mama, ni kweli.

Shirin alinitazama mara moja, juu ya bega la Baba. Nilijiambia anatazama dirisha.

Hakumaliza hata msimu. Mimi nilipewa nafasi yake mechi iliyofuata. Nilirusha mipira kumi na miwili, hakuna hata mmoja uliofika panapotakiwa, Mista Hollis akanitoa taratibu bila kunitazama. Picha ile ya ukutani ilipigwa siku hiyo, kabla ya mechi.

Wiki ya kwanza ya likizo Shirin aliingia kiwanda cha biskuti. Mkono ule uliowanyima wavulana usingizi ukawa unapanga biskuti kwenye makasha, saa tisa kwa siku. Mimi nikaendelea na shule. Nikafikisha kumi na tatu, nikahamia softiboli, nikacheza vibaya miaka miwili, nikaacha. Nikasoma famasia, nikafungua duka langu la dawa, nikanunua nyumba. Shirin alitoka kiwandani akaenda kufagia hospitali, akaolewa, akafiwa, yupo Thamesmead, pembe nyingine ya London, ghorofa ya tatu na magoti mabovu.

Na bado hayajaisha. Karatasi zetu Baba hakuzirekebisha kamwe, aliogopa. Serikali inamjua Shirin kwa tarehe yangu. Ilipofika wakati wake wa pensheni akaambiwa bado, wewe kijana, rudi baada ya miaka miwili. Akafagia miaka miwili zaidi. Shule ilimwona mkubwa mno, pensheni ikamwona mdogo mno. Alinisimulia hayo kwa simu akicheka, nami nikacheka naye. Nilicheka!

Sasa leo. Shirin alipanda basi na treni mbili kuja kumwona Zara akicheza. Alikaa kando yangu chini ya turubai na chupa yake ya chai ya tangawizi, akisikiliza wazazi wakibishana. Alinisikia nikisema habari ya mikono ya wavulana. Akajimiminia chai.

Kocha akaja na karatasi zake, kijana mwenye ndevu chache na adabu nyingi. Akaangalia urefu wa Zara, akafanya mzaha. Akaniuliza, una hakika huyu ana miaka kumi na miwili?

Shirin akajibu kabla yangu. Kwa Kiingereza, kwa tabasamu, na mkono wake begani kwangu: "Muulize huyu. Umri wa watu yeye ndiye anayeujua, na anajua pa kuupeleka."

Kocha akacheka. Wazazi wakacheka. Bibi mcheshi kweli.

Fomu nikaikunja nikaitia mfukoni, nikamwambia kocha nitaileta wiki ijayo.

Nilimpeleka Shirin stesheni kwa gari. Zara alikuwa nyuma na vitu vyake masikioni, hasikii kitu. Tulikwenda muda mrefu na vipangusio vya kioo vikilia. Mwisho nikauliza, "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile," akasema. "Mista Hollis alinirudishia ripoti mimi. Akaniambia dada yako ameiacha mezani kwangu, chukua, matokeo mazuri sana haya."

Nikauliza kwa nini hakusema. Baba angenimaliza, na yeye angepona lawama. Hata Mama angemwonea huruma.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," akasema. "Mwanzo nilingoja kwa hasira. Baadaye nikangoja kwa mazoea. Ulipoolewa nikasema leo atasema. Mama alipokufa, tulipomwosha, mimi na wewe peke yetu na maji, nikasema leo. Leo nakusikia unamfukuza mtoto uwanjani, nikaona huyu hasemi mpaka kaburini."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo mtu mwenye damu husimamisha gari. Hulia. Husema nisamehe.

Mimi nilimuuliza: "Umefunga mkanda?"

Wallahi hayo ndiyo yaliyonitoka. Umefunga mkanda. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu mgonjwa, akasema amefunga.

Stesheni akashuka polepole, goti la kushoto kwanza. Akainama dirishani, akaniambia, "Mtoto mwache acheze." Halafu akaingia ndani na chupa yake ya chai, hakugeuka.

Tumerudi. Zara ameoga, anakula chipsi na pilipili mbuzi. Nimeitoa fomu ikiwa imelowa, nikatia saini abaki na wavulana mpaka mwenyewe achoke. Ameruka akanikumbatia shingoni, akaniita Nani, yaani bibi, bora duniani. Nimemwachia aamini. Lakini saini haimrudishi mtu darasani, na msidhani najidanganya kwamba nimelipa kitu. Nimetoa kitu ambacho hakikuwa changu kukizuia.

Picha nimeitoa ukutani. Zara ameuliza kwa nini, nikasema msumari umelegea. Mnaona? Mdomo wangu bado ni ule ule.

Kesho ni siku yetu ya kuzaliwa, mimi na pacha wangu. Kila mwaka Shirin ndiye hupiga simu kwanza, saa moja asubuhi, kabla sijanywa chai. Husema, "Pacha, tumezeeka," tunacheka, tunakata. Zaidi ya miaka hamsini, hajakosa hata mwaka mmoja. Sasa najua kila mara alikuwa akinipa nafasi, na kila mara nilimuuliza habari za magoti yake.

Kesho sitamngoja. Nitapiga mimi, kabla ya saa moja, na neno la kwanza litakuwa Dada. Nimekuwa nikilijaribu hapa jikoni tangu magharibi. Linatoka kama neno la lugha ya watu wengine. Je, akipokea halafu nikamuuliza tena habari za mkanda?

Sitamwambia hongera. Nilimuuliza Mama mara nyingi alipokuwa hai, naye alichokumbuka ni kwamba Shirin alizaliwa siku ya tatu baada ya Idi, na nyumba bado ilikuwa na harufu ya halua. Basi. Tarehe ya kesho ni yangu peke yangu. Yeye alipewa kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.